Mguu unakaza nikitembea, daktari kasema nitembee. Nifanyeje mazoezi nyumbani?

Dereva Mstaafu

Habari zenu wakuu. Mimi ni mzee wa miaka 63, nipo Tanga, zamani nilikuwa dereva wa mabasi ya Tanga kwenda Dar. Kisukari ninacho muda mrefu, presha ninayo, na sigara nimepunguza lakini sijaiacha, nisiwadanganye.

Tatizo ni mguu wa kulia. Nikitoka nyumbani kwenda sokoni, nikifika usawa wa mashine ya kusaga, shavu la mguu linakaza mpaka linakuwa gumu kabisa. Nikisimama dakika mbili tatu linaachia, naendelea, nikifika kona ya msikiti linakamata tena. Ni palepale kila siku, ningeweza kuweka alama kwa chokaa. Na kwa kuwa mtaani wote wananifahamu, nikisimama natoa simu naiweka sikioni najifanya naongea. Ukisimama hivi hivi watakuja watu wanne kukuuliza mzee vipi.

Hospitali walinipima presha mkononi, halafu wakanipima na kwenye vifundo vya miguu kwa kifaa cha kusikilizia damu. Kwenye cheti wameandika kulia 0.68, kushoto 0.92. Daktari akasema damu haifiki vizuri miguuni, mishipa imekuwa myembamba kwa ndani. Akaniongezea aspirini na dawa ya lehemu juu ya metformin ya sukari na dawa ya presha, akamalizia, "Na utembee sana mzee." Foleni ilikuwa imefika mlangoni, sikupata nafasi ya kuuliza nitatembeaje wakati kutembea kwenyewe ndiko kunakoniumiza. Nasikia Dar kuna wanaosimamia mazoezi ya namna hii, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila wiki sina.

Nyumbani sasa kila mtu kawa daktari. Mke wangu anataka niupumzishe mguu. Mdogo wangu kaniletea soksi za kubana. Jirani anasema niuloweke usiku kwenye karai la maji ya moto na chumvi.

Naomba kueleweshwa: nikitembea, nisimame kabla haujauma au niendelee ukiuma? Nisije nikapasua mshipa. Na je, baiskeli inafaa? Ninayo ya zamani, Phoenix, ipo tu ukutani.

Mkwezi wa Pangani

Shikamoo mzee. Hilo mama yangu analo. Ni mama lishe, anasimama jikoni tangu alfajiri, jioni miguu imejaa na mishipa imetokeza nje. Aliambiwa avae hizo hizo soksi za kubana na alale ameweka miguu juu ya mito. Sasa hivi yuko vizuri, anapiga kazi. Mimi nakushauri vaa soksi, nyanyua miguu, na usijilazimishe kutembea. Mwili ukikwambia simama, simama. Na maji ya chumvi usiyadharau, wazee wetu walikuwa na maana yao.

Fizio wa Uyole

Shikamoo mzee wangu. Mkwezi, pole kwa mama, ila tafadhali usimgawie mzee dawa ya mama. Hizo soksi zirudi kabatini.

Mimi ni mfiziotherapia, na mchanganyo huu nakutana nao kazini wiki baada ya wiki. Kuna mishipa inayopeleka damu mguuni na kuna inayoirudisha juu. Mama yake Mkwezi ana shida kwenye inayorudisha: damu inatuama, miguu inajaa jioni, akiinyanyua anapata nafuu. Wewe shida yako iko kwenye inayopeleka. Ukiuweka mguu juu ya mito unaipandishia damu mlima wakati hata tambarare inafika kwa taabu. Ukiubana na soksi unaongeza kizuizi juu ya kizuizi. Mtu mwenye kipimo cha vifundo chini ya 0.8 havai soksi hizo kwa ushauri wa ndugu, na kikishuka chini ya 0.5 sisi hatuzitoi.

Maji ya moto ndiyo yananitisha zaidi. Mwenye kisukari cha miaka mingi nyayo zinaweza kuwa zimeingia ganzi bila mwenyewe kujua. Unatumbukiza mguu, unaona maji ni vuguvugu, kumbe yanakuunguza. Asubuhi una lengelenge, na lengelenge kwenye mguu usiopata damu ya kutosha halina haraka ya kupona. Donda ndugu huanzia kwenye vitu vidogo hivyo. Mwambie jirani asante, karai lirudi kufulia.

Sasa kipimo chako. Hiyo 0.68 ni presha ya kifundo cha mguu ikagawanywa kwa presha ya mkono. Mguu wenye afya unasoma 1.0 hadi 1.4. Ikifika 0.90 au chini yake, mishipa ya kupeleka imeziba kwa kiasi fulani. Kulia hakuna ubishi. Kushoto 0.92 usiishangilie sana, kwa sababu kisukari hukomaza kuta za mishipa ikawa migumu, kifaa kikaibana kwa shida na kusoma juu kuliko ukweli. Ukirudi kliniki waulize kama wanaweza kupima presha ya kidole gumba cha mguu, kile hakidanganyiki kirahisi.

Kabla sijaenda mbali nijibu kitu kimoja: linapokukamata, ukisimama wima tu linaachia? Au mpaka uiname au ukae? Wapo wanaoambiwa ni damu kumbe ni uti wa mgongo unaobana neva, na hao kusimama tu hakuwasaidii, mpaka wainame mbele.

Nikichukulia ni damu, basi jibu la swali lako kubwa ni hili: endelea ukiuma. Najua linasikika vibaya. Wewe umeendesha mabasi, unalijua gari lenye filta ya dizeli iliyoziba nusu. Tambarare linakwenda, ukilipeleka mlima linakata pumzi, ukipaki kidogo linapata nguvu tena. Msuli wa shavu la mguu ndivyo ulivyo hapo kwenye mashine ya kusaga: umeomba damu nyingi kuliko inayoweza kupita. Maumivu yale ni njaa ya msuli. Hakuna mshipa unaopasuka kwa hilo.

Na mazoezi hayaji kuzibua mshipa, nisikudanganye. Ukipimwa tena baada ya miezi kadhaa, namba inaweza kuwa ile ile na wewe unatembea mbali zaidi. Kinachobadilika ni msuli: unajifunza kutumia vizuri kile kidogo unachopata, kuta za mishipa zinalegea vizuri damu inapohitajika, na mwendo wenyewe unakuwa hauli nguvu nyingi. Wagonjwa wangu wakiona namba haijapanda wanakata tamaa, nawaambia sisi hatukuwa tunafukuzia namba.

Namna ya kufanya. Chagua njia tambarare, asubuhi kabla jua la Tanga halijawaka. Tembea mwendo wa mtu anayewahi gari, ili mguu uanze kukaza ndani ya dakika tatu hadi tano. Ukianza tu kuhisi, hiyo ni moja. Ukiuma wastani ni mbili. Ukiuma kweli kweli, mtu akikusalimia unaitika kwa mkato, ni tatu. Nne ni usioweza kuvumilia. Simama kwenye tatu, usingoje nne. Pumzika mpaka maumivu yaishe kabisa, siyo nusu, halafu ondoka tena. Hivyo hivyo, kutembea na kupumzika. Wiki ya kwanza jumla ya dakika 10 hadi 15 za kutembea zinatosha, mapumziko usiyahesabu. Kila wiki ongeza dakika chache mpaka ufike 30, halafu 45. Siku tatu kwa wiki ndiyo kiwango cha chini, tano ni bora. Usitegemee kitu wiki ya pili. Wengi huanza kuona tofauti kuanzia mwezi hadi miwili, na miezi mitatu ndiyo tunayowaambia wavumilie kabla ya kuhukumu. Ukifika mahali unatembea dakika nane au kumi bila kukaza, usifurahie ukabaki hapo: ongeza mwendo au tafuta kajiinuko.

Kwa nini nasisitiza maumivu? Kwa sababu limepimwa. Mary McDermott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walichukua watu 305 wenye tatizo kama lako wakawagawa mafungu. Fungu moja lilitembea nyumbani taratibu, bila kuumia. Jingine lilitembea nyumbani kwa kasi ya kuleta maumivu. La tatu halikupewa mazoezi ya kutembea. Baada ya miezi 12 wakapima mtu anafika umbali gani kwa dakika sita. Waliokubali kuumia waliongeza kama mita 34. Wa taratibu hawakuongeza chochote, walipungua kidogo. Matokeo yalitoka mwaka 2021 kwenye jarida la JAMA, na yalinifanya niache ule ushauri wetu wa huruma wa "tembea unavyoweza, mzee, usijichoshe". Kutembea kwa starehe ni kuzuri kwa moyo na sukari, lakini mguu wenyewe hauambulii kitu.

Baiskeli ipande ukipenda, inasaidia mapafu na sukari. Ila inafanyisha zaidi mapaja, shavu la mguu linabaki linasindikiza. Isichukue nafasi ya kutembea. Siku ya mvua, shika ukuta, panda juu ya vidole vya miguu na kushuka taratibu mpaka shavu likaze, pumzika, rudia. Halafu kaa kwenye kiti na kusimama bila kujishika, mara kadhaa. Halafu piga hatua papo hapo, magoti juu.

Na kabla hujafunga kamba za viatu, nataka kujua kama umewahi kubanwa kifua ukipanda ngazi au ukiharakisha. Mishipa ya miguu ikiziba, ya moyo huwa haiko salama sana. Kama jibu ni ndiyo, usianze mpaka daktari akusikie.

Dereva Mstaafu

Marahaba binti yangu, Mungu akuweke. Hiyo ya filta umenimaliza, sasa nimeelewa.

Nikisimama wima tu linaachia, siinami. Kifua hakijawahi kunibana. Soksi nimezivua, mdogo wangu amenuna kidogo maana alizinunua bei.

Nina mawili. Kwanza, hapo ninaposimama hakuna pa kukaa, na nikisimama mara nyingi njiani naona aibu, si uongo. Pili, nimezoea kandambili, viatu vinanibana.

Mtanga wa Leicester

Mzee shikamoo, mimi wa Ngamiani kwa asili. Nikuongezee ya huku Uingereza usijione uko nyuma. Mwongozo wao wa NICE, taasisi inayowaandikia madaktari miongozo ya tiba, unasema mgonjwa kama wewe apewe mazoezi yanayosimamiwa, saa 2 kwa wiki kwa miezi 3, na ahimizwe kutembea mpaka maumivu yafike juu kabisa. Kwenye karatasi safi. Baba mkwe wangu alipogundulika, hospitali aliyoandikiwa ilimwambia darasa hilo hawana, wakampa kijitabu. Kwa hiyo naye ni wa nyumbani kama wewe, tofauti ni kwamba yeye ana baridi na wewe una jua.

Kipindi cha baridi nampeleka supamaketi kubwa, anazunguka mule ndani bila kununua kitu. Askari wa mlangoni walishamzoea.

Fizio wa Uyole

Supamaketi ni nzuri sana, ila mwambie asisukume toroli. Akiliegemea anapunguza kazi ya miguu, na kama ana tatizo la mgongo pia, litajificha.

Mzee, la kandambili nitalirudia, naona kuna mtu anaandika.

Bi Mwana wa Kuze

Hamjambo. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Mume wangu alikuwa na maradhi haya haya, mguu wa kushoto, naye ana sukari. Nataka nimjibu mzee wa Tanga hili la aibu maana nalijua.

Mume wangu alikataa kutoka nje kabisa. Alikuwa mtu wa maneno mengi barazani, akawa haendi hata kuswali jamaa, kisa hataki watu wamuone amesimama njiani kama mtu aliyepotea. Daktari amesema atembee, yeye yuko kitandani anasikiliza redio. Mimi nikamwambia, mji huu ulijengewa wewe. Kila nyumba ina baraza nje! Wazee waliojenga walijua mtu atachoka.

Basi tukapanga njia kwa mabaraza. Baada ya swala ya alfajiri, watu bado ni wachache, anatoka mlangoni kwetu anashika njia kuelekea Ngomeni. Mguu ukimkaza hasa, anakaa kwenye baraza iliyo karibu. Mwenye nyumba akiwa nje watasalimiana, kahawa ikiwapo atapewa kikombe. Ukipoa anainuka. Watu wakajua Mzee fulani anapita asubuhi, wakawa ndio wanaomhimiza. "Leo umekaa mapema, jana ulifika kwa fundi viatu!" Yaani aibu aliyoiogopa ikageuka kuwa wasimamizi wasiolipwa. Siku asipopita wanauliza, na mimi ndiye ninayeulizwa, kwa hivyo anatoka atake asitake.

Mzee, nawe tafuta watu wako wa njiani. Mwambie mwenye mashine ya kusaga ukweli: "Nina maradhi ya mguu, nimeambiwa nisimame hapa kisha niendelee." Akuwekee kigoda. Hiyo simu ya uongo itakuchosha kuliko mguu.

La viatu. Wallahi nisikilize. Mume wangu alikuwa akivaa makubadhi. Akanunuliwa viatu vya turubai vilivyoziba mbele, laini, vikubwa kidogo kuliko kipimo chake. Siku moja amerudi, ninamvua kiatu, nakuta ndani kokwa ya tende. Imo chini ya unyayo, imeshachimba alama nyekundu, ngozi bado kupasuka. Ametembea nayo njia nzima kwenda na kurudi na hakuihisi hata chembe. Tangu siku hiyo kiatu hakivaliwi mpaka nikitie mkono ndani mpaka kwenye ncha, na kikung'utwe. Na jioni namkalisha, namtazama unyayo, baina ya vidole, kisigino. Mwenyewe hawezi kuinama kuona, na macho yake ya sukari hayo. Anasema namfanyia utoto. Afadhali utoto.

Fizio wa Uyole

Bi Mwana, ningekupa kazi kliniki kwangu. Hiyo kokwa ya tende nitaisimulia kwa wagonjwa.

Na hili la watu wa njiani halikuja tu kwa bahati, lina ushahidi. Yule yule McDermott alichapisha mwaka 2013 utafiti wa watu 194. Walikuwa wanatembea wenyewe nyumbani, lakini mara moja kwa wiki wanakutana kikundi, wanaelezana walichofanya na kilichowashinda. Baada ya miezi sita waliongeza kama mita 42 kwenye kipimo cha dakika sita, wasiokuwa na kikundi hicho cha kutembea walipungua. Mwaka 2018 wakachapisha jaribio jingine la kifaa cha kuvaa kinachohesabu mwendo pamoja na kupigiwa simu, na mikutano ya ana kwa ana ikawa michache. Haikusaidia. Kwa hiyo vijana mkitaka kumnunulia mzee saa ya kuhesabu hatua, mnunulieni, ila haitachukua nafasi ya mtu wa kumuuliza "leo umefika wapi?" Mimi binafsi naamini mashine ya kusaga na kigoda kuliko hiyo saa.

Mzee, kandambili hapana. Inaacha vidole wazi, mguu wenye ganzi ukijikwaa hausemi. Nunua viatu mchana au jioni mguu ukiwa umetanuka kidogo, simama navyo, kidole kirefu kibakize nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele yake. Soksi za pamba, zisizo na mpira mkali juu. Ukiona lengelenge, mchubuko, kucha imeingia nyama, hutembei siku hiyo, unaenda kuonyesha. Na usijikate sugu kwa wembe, nawaomba wazee wote mnaosoma, hilo naliona sana.

Kuna mambo ambayo hayana "nitaenda wiki ijayo". Mguu ukiwa ghafla baridi kuliko mwenzake, umepauka (kwa ngozi zetu angalia unyayo na kucha), una ganzi au hausogei vizuri, hiyo ni hospitali saa ile ile, hata usiku, maana msuli unakufa ndani ya saa chache. Maumivu yakianza kukuamsha usiku ukiwa umelala, na ukiushusha mguu kando ya kitanda unapata nafuu, ugonjwa umepanda daraja. Acha mazoezi, rudi kwa daktari siku hizo hizo. Kidonda kisichofunga au kidole kinachogeuka rangi, vivyo hivyo. Na ukitembea ukabanwa kifua au taya, au pumzi zikakata isivyo kawaida, simama, hiyo siyo habari ya mguu tena.

La sigara sitakuhubiria, umesema mwenyewe hukutaka kudanganya. Nitakwambia tu ninachokiona: wanaotembea na kuvuta wanafika mahali wanakwama, wengine wanarudi nyuma, na wanaokatwa mguu wengi wao walikuwa bado wanavuta. Hizo ulizobakiza, ni za wakati gani?

Dereva Mstaafu

Mbili baada ya chakula cha usiku, na moja asubuhi na kahawa. Ya asubuhi ndiyo ngumu.

Jana jioni nimemwambia mwenye mashine. Kumbe baba yake mzazi alikuwa na hili hili, akadhani ni uzee. Kigoda amekitoa, kimewekwa kivulini. Leo nimetembea kama binti alivyoelekeza. Nilizoea kusimama mguu ukianza tu, leo nikasema ngoja nione tatu ikoje. Niliipita mashine, nikaenda mpaka kwenye genge la mama Asha, jasho lilinitoka, nikasimama. Ukaachia. Nikarudi kukaa kwenye kigoda changu kwa heshima.

Mke wangu ndiye atakayekuwa anapekua viatu. Amesoma ujumbe wa Bi Mwana mara mbili, sasa hanipumzishi.

Moja la mwisho binti. Mwezi wa Ramadhani nafunga. Mazoezi yatakaaje?

Fizio wa Uyole

Kwanza kabla mwezi haujaandama, nenda kwa daktari wako wa kisukari mpange dawa na kama unafaa kufunga; hilo siwezi kukuamulia mtandaoni. Metformin peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi, lakini kama umeongezewa glibenclamide au insulini hesabu inabadilika kabisa.

Akikuruhusu, usitembee mazoezi haya mchana ukiwa na kiu, na usitembee saa ya mwisho kabla ya magharibi, sukari na maji vyote viko chini wakati huo. Futuru, kunywa maji, pumzika kama saa moja au zaidi, kisha toka. Wengine hupenda baada ya tarawehe kwa kuwa mitaa ina watu na taa. Dakika zikipungua siyo neno, bora siku zisikatike. Mfukoni weka kitu cha sukari na ukijisikia kutetemeka au jasho baridi unakula, funga au siyo funga.

Ya asubuhi na kahawa, jaribu kubadilisha mpangilio: toka ukatembee kwanza, kahawa ukainywe pale kwenye kigoda. Na siku utakayoenda kliniki kuchukua dawa, ulizia kama wana mtu wa kuzungumza naye kuhusu kuacha.

Mkwezi wa Pangani

Nimesoma uzi wote. Mama nimempigia, nimemuuliza kama alipimwa vifundo vya miguu kabla ya kupewa soksi. Anasema alipimwa. Nimepumua.